Asukile na Uasi wa Gurudumu la Kushoto

Gudu-gudu-gudu-gudu! Ndivyo ilivyosikika kwanza, kabla jicho la mtu halijaona kitu: ngurumo kavu kutoka nyuma ya kona ya Iyunga, ikitikisa vikombe mezani na kuku viotani, hata wanawake waliokuwa wakichuma majani ya maboga wakainua vichwa na kuulizana kama ni tetemeko la ardhi, au ni ile reli ambayo Wazungu wameiahidi tangu wao hawajaolewa. Halafu likaja vumbi. Halafu, katikati ya vumbi, ikatokea pikapu ya kijani iliyoandikwa nyuma kwa herufi nene RADI YA RUNGWE, na ndani yake kijana ameukumbatia usukani kwa mikono miwili, mashavu yanamchezacheza, kama mtu anayezuia fahali asiingie shambani.

Sogeeni, enyi watu wa Mbeya na Iringa, enyi walaji wa viazi na maharage, mlio na masikio na msio na haraka! Lazeni majembe, acheni sufuria zichemke zenyewe. Wengine wamesifiwa kwa kuteka miji na kuwafukuza wafalme. Sisi leo tuna jambo zito kuliko hayo. Tunasimulia jinsi Asukile mwana wa Anania, dereva wa madereva, mpanda milima, mpiga honi asiyechoka, alivyoliwinda tetemeko la gari lake, akalipata, na alipolipata akatamani asingelipata.

Gari lilikuwa la baba yake, mzee Anania, Mnyakyusa aliyehamia Iyunga kutoka Rungwe na kulinunua kwa fedha ya kahawa. Mzee huyo alikuwa nguzo ya kanisa. Kila Jumapili aliwangurumia waumini wanaovaa hirizi, akawaambia kwamba ushirikina ni kamba ya shetani, na sauti yake ilipofika mwisho wa kanisa, waliolala waliamka. Hakujua kuendesha. Lakini kiti cha mbele upande wa kushoto, karibu na dirisha, kilikuwa chake, na alikikalia kama chifu akaliavyo kigoda, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti, akiwapungia watu wa barabarani hata wasiomfahamu.

Naye Asukile alikuwa kijana mwenye mikono myepesi na kichwa kizito kugeuka. Hakumkubali fundi yeyote ila nafsi yake. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amefungua magurudumu ya mbele peke yake, akayatia grisi, akayafunga, kisha akazunguka kijiji kizima akiyatangaza. "Mikono hii!" alisema, akiionyesha juu na chini. "Hakuna mkono mwingine ulioyagusa. Magurudumu haya yatazeeka, nami nitazeeka, na hayatalegea!" Kauli hiyo wengi waliisikia, na ikumbukeni, maana ndiyo iliyomziba macho.

Sasa asiyejua mila na ajulishwe. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Mke akisikia kikohozi cha mzee hujitanda shuka na kugeukia ukutani; hamsemeshi, hampiti mbele, hakai alipokaa yeye, na akikosea kwao hutoa ng'ombe wa utakaso. Esta, mke wa Asukile, hakuzaliwa na mila hiyo. Yeye ni binti wa Iringa, Mhehe wa Kilutheri, mwenye mabega ya kubeba gunia na ulimi wa kubeba mawili. Hata hivyo tangu aolewe aliishika mila hiyo vizuri kuliko wenyeji, na mzee Anania hakuwahi kumwona ila kisigino.

Na kisigino ndicho kilicholeta vita. Siku moja walikuwa wakirudi kutoka sokoni Mbeya, Asukile kwenye usukani na Esta nyuma juu ya magunia matupu, mvua ya mawe ikawashukia, mvua ile ya kwetu isiyochagua kichwa. Asukile akasimamisha gari, akamwingiza mkewe ndani, kwenye kiti cha kushoto. Hawakufika mbali, mbele kukaanza kutetemeka. Walipoingia uani, mzee alikuwa mlangoni akitazama mvua, akaona kisigino cha mkamwana wake kikishuka kutoka kitini pake.

Alingoja mpaka tetemeko lilipozidi, gari likawa halizidi mwendo wa baiskeli bila usukani kumpiga dereva mikono, ndipo akamwita mwanawe na kutoa hukumu, kwa sauti iliyokusudiwa kupita ukuta na kufika jikoni.

"Kiti ni changu," alisema mzee Anania. "Kimekaliwa na asiyepaswa. Tangu siku hiyo gari inatetemeka. Inatetemeka upande gani, Asukile?"

"Wa kushoto, baba."

"Chini ya kiti kipi?"

Asukile akatazama dari.

"Umesoma mpaka darasa la sita, nikakulipia. Nipe basi hesabu nyingine kama unayo. Kiti kinataka kuoshwa. Jumamosi mkeo anakwenda kwao Iringa, kwenye harusi ya mdogo wake Lea. Vizuri, aende, kwa basi. Na akirudi, arudi na ng'ombe wa baba yake wa kukiosha kiti. Mpaka hapo, asiingie mtu mwingine ndani ya gari hii zaidi yako."

Huyo ndiye yule aliyezingurumia hirizi Jumapili! Lakini hirizi zilikuwa za wengine, na kiti kilikuwa chake.

Jikoni, Esta aliacha mwiko ndani ya ugali ukasimama wenyewe.

"Kwa hiyo niingie harusini," alimwambia mumewe alipofika, "watu wanapiga vigelegele, Lea amevaa nguo nyeupe, mimi nimvute baba pembeni: baba, nimekalia kiti, toa ng'ombe? Na wajomba wote wanasikiliza? Siendi, Asukile. Afadhali waseme naumwa."

"Utakwenda," Asukile akasema, kifua mbele. "Nitalitafuta hilo tetemeko, nitalitoa kwa masikio yake."

"Wiki nzima unalitafuta."

"Nilikuwa nalinyatia."

Na kweli alikuwa amelinyatia, kwa ushujaa mwingi na faida kidogo. Alilaumu upepo, akajaza matairi yote mpaka yakawa magumu kama ngoma, gari likatetemeka. Alilaumu matairi yenyewe, akayahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Tetemeko halikuhama nayo, lilibaki mbele kushoto kama mgeni aliyependa kiti chake. Alilaumu barabara, ile ambayo wakubwa huikumbuka tu Gavana anapotaka kupita. Akaenda kujaribu kwenye nyasi za uwanja wa mpira, na hapo pia gari likatetemeka mpaka goli likadondoka. Mahali pamoja tu hakupagusa: ndani ya gurudumu, alipotia grisi kwa mikono ile. Huko alikwisha kukuhukumu kuwa hakuna kosa.

Na kila alipopita, Jailos alikuwa pale. Jailos aliendesha lori la mchele kutoka Madibira, mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia iliyobeba kila kitu: sindano, misumari, kiberiti, pini. "Mdogo wangu," alimwambia mbele ya watu, "gari yako haina ubovu. Ina homa. Ipe kwinini, uifunike blanketi." Watu wakacheka. Asukile akaapa moyoni kwamba atakufa kabla ya kumwomba Jailos hata njiti ya kiberiti.

Ikafika Jumatano, siku ya pambano kuu.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mlima, Asukile alitoa jeki kama shujaa atoavyo mkuki. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akainua upande wa kushoto, akasukuma gogo chini ya ekseli ili jeki ikisaliti gogo lisisaliti. Gurudumu la kushoto likabaki hewani, limening'inia, halina pa kukimbilia. Jailos akaja na kuegemea uzio, akimenya muwa.

"Leo ni leo!" Asukile akalihutubia gurudumu. "Umenipiga mikono, umenifanya kichekesho kwa watu, umemtia mke wangu katika deni la ng'ombe. Sema mwenyewe kabla sijakuuliza kwa spana!"

Gurudumu halikusema. Alilishika juu na chini, akalisukuma na kulivuta: gwa-gwa! Akalishika kushoto na kulia: gwa-gwa! Lilikuwa limelegea pande zote. Ingekuwa kushoto na kulia tu, angelaumu vyuma vya usukani. Lakini kulegea kote kulibakiza wenye hatia wawili. Mmoja ni kingpini, kile chuma kinachosimama wima ambacho gurudumu hukizunguka likikata kona. Kingpini huliwa na barabara na uzee, na hakuna wa kulaumiwa. Mwingine ni beringi, zile gololi ndani ya gurudumu zinazoogelea katika grisi. Beringi ikilegea, analaumiwa aliyeifunga.

Kuwatenganisha hao wawili alikujua. Alikusikia katika gereji moja ya Iringa, siku zile alipokuwa akienda huko kwa kisingizio cha kununua spea, kumbe anamnyemelea Esta. Mmoja atikise gurudumu, mwingine akanyage breki. Breki ikishika na mchezo, yaani kule kulegea, ukaisha, ni beringi. Breki ikishika na mchezo ukabaki, ni kingpini.

"Ni kingpini," Asukile alitangaza mapema, kabla ya jaribio. "Naiona."

"Unaionaje na hujalala chini?" Esta akauliza kutoka jikoni.

Jaribio lilitaka watu watatu: wa kutikisa, wa kukanyaga, na wa kulala chini kutazama. Na sasa tazameni ugumu wake! Mzee Anania alikuwa tayari kitini, kofia na fimbo, amekuja kukilinda kiti kisiongezewe uchafu. Ndani ya gari hakuruhusu mtu mwingine. Basi wa kukanyaga alikuwa yeye, mzee asiyewahi kugusa pedali. Wa kulala chini ni Asukile. Na wa kutikisa? Jailos alikuwa hana kazi kabisa, lakini kumwomba Jailos ilikuwa mauti. Akabaki Esta, ambaye hapaswi kuonwa na aliye ndani ya gari.

Baraza la vita likakaa, na ukuta ukajengwa. Boneti iliinuliwa ikaziba kioo cha mbele chote. Dirisha la kushoto likatundikwa blanketi. Mzee akasogea mpaka kwenye usukani, akiinung'unikia kila inchi aliyoiacha. Ndipo Esta akatoka, amejitanda shuka mpaka kwenye macho, akaja kwa upande wa boneti, akapiga magoti mbele ya gurudumu, akalishika juu na chini kwa mikono iliyozoea jembe. Asukile akajiviringisha chini ya gari. Hata kuku waliacha kuparua.

"Tikisa!"

Gwa-gwa-gwa! Pikapu nzima ikayumba, kofia ya mzee ikaanguka.

"Baba," Asukile akaita kutoka chini, kwa sauti ya mtoto, maana hakuwahi kumwamuru baba yake kitu tangu azaliwe, "naomba... kama itakupendeza... ukanyage."

"Nikanyage nini?"

"Breki, baba."

Kikasikika kishindo cha kiatu cha Jumapili. Esta akatikisa. Gwa-gwa-gwa! Mchezo ulikuwa palepale.

"Kingpini!" Asukile akapiga kelele ya ushindi, akagonga kichwa kwenye ekseli, hakusikia maumivu. "Niliwaambia! Kingpini imeliwa na barabara! Mikono hii haina kosa!"

Jailos akatema makapi ya muwa. "Mzee amekanyaga klachi," alisema.

Kikasikika kiatu kikihama. Esta akatikisa: gwa-gwa-gwa!

"Hiyo sasa ni ya mafuta," akasema Jailos. "Injini ingekuwa inawaka, saa hizi tungekuwa Tukuyu."

"Inatosha!" Asukile akasema haraka, na hapo, wasikilizaji, shujaa wetu alianza kurudi nyuma vitani. "Inatosha. Baba amechoka. Imekwisha kuonekana kuwa ni kingpini. Tutaiagiza, itafika..."

"Itafika lini?" Esta akanong'ona.

"Mwezi ujao."

Jumamosi ilikuwa karibu kiasi kwamba ilinukia pilau. Esta alitazama viatu vya mumewe vilivyochomoza chini ya gari. Alimjua mtu wake. Alijua sauti yake anaposhinda, na alijua sauti yake anapotoroka. Akalishika gurudumu tena, akavuta pumzi, na neno likamtoka kabla ya mila kulidaka:

"Ya katikati, baba! Kanyaga ya katikati!"

Muwa ulisimama mdomoni mwa Jailos. Chini ya gari Asukile alifumba macho. Tangu aolewe, mwanamke huyo hakuwahi kumtamkia mzee hata salamu, na neno lake la kwanza lilikuwa amri! Mzee Anania aliitazama boneti. Boneti ilimtazama. Ukungu ukasogea, mbwa wa jirani akabweka mara moja na kujuta.

Kisha kiatu cha Jumapili kikapanda, kikashuka, kikakanyaga katikati kwa uzito wote wa mzee wa kanisa.

Esta akatikisa. Hakuna. Akavuta kwa mabega yote mawili. Gurudumu lilisimama imara kama mlango uliokomewa. Mchezo ulikuwa umeisha.

"Achia, baba," akasema Asukile. Mzee akaachia: gwa-gwa! "Kanyaga." Kimya. "Achia." Gwa-gwa!

Hakuna aliyesema beringi. Hakukuwa na haja.

Asukile akatoka chini, uso umempauka kwa vumbi na kwa mengine. Akakaa mbele ya gurudumu, akakigonga kile kifuniko kidogo cha grisi mpaka kikadondoka. Ndani, nati kubwa ya kushikilia beringi ilikuwa imelegea mpaka inazungushwa kwa vidole viwili. Mahali pa pini ya kuizuia isijifungue hapakuwa na pini. Palikuwa na kipande cha spoku ya baiskeli, kimekatika katikati. Siku ile ya kutia grisi pini ilimpotea kwenye nyasi, naye hakutaka kuonekana akitafuta.

Akakitia kiganjani, akafumba ngumi.

Hapo ndipo palipokuwa pambano lenyewe. Yale mengine yalikuwa mazoezi. Maana ngumi ilikuwa ndogo na mfuko ulikuwa karibu. Jailos aliona mgongo tu. Mzee alikuwa nyuma ya boneti. Angeweza kukaza nati, akasema barabara imeilegeza, akasema hata kiti kimeilegeza, na mikono hii ingebaki mikono hii. Esta peke yake alikuwa karibu, na shuka yake ilikuwa imeteremka mpaka kidevuni. Aliitazama ngumi, kisha akaanza kujifuta grisi mikononi, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuamua kutokwenda harusini.

Asukile akasimama. Akapanda juu ya jiwe, kwa kuwa hakujua kusema jambo kubwa akiwa chini.

"Baba! Na wewe Jailos, na wote mnaochungulia kwenye uzio mkidhani hamwonekani! Kiti hakina kosa. Mke wangu hana kosa. Gurudumu hili nililifunga mimi, kwa mikono hii, bila pini, nikaweka spoku. Tungechelewa kidogo, lingechomoka mteremkoni, nami, na baba, na kofia yake, tungezikwa pamoja. Aliyelitikisa gari ni mimi!"

Ndani ya gari mzee alikohoa, na Esta, kwa mazoea, akageukia ukuta.

"Spoku hiyo," mzee aliuliza polepole, "ni ya baiskeli ya nani?"

"Yako, baba."

"Ile niliyosema imeng'olewa na mbuzi?"

"Ndiyo, baba."

"Yule mbuzi mkorofi?"

"Tulimla Pasaka, baba."

Jailos aliuachia uzio, akakaa chini, akacheka mpaka kofia ikamdondoka na misumari yake ikatawanyika. Alipoweza kupumua akachomoa pini moja mpya kutoka kwenye utepe wa kofia, akaishika hewani. "Hii hapa. Lakini iombwe, mdogo wangu. Mimi sioti haja ya mtu."

Asukile alimeza mate yaliyokuwa makubwa kama kiazi. "Kaka Jailos," alisema, na neno kaka lilimkwaruza likipita, "nisaidie pini."

"Sijasikia."

"Nisaidie pini!"

"Ndaga fijo," akasema Jailos, na kushukuru vile, kana kwamba ndiye aliyepewa, kuliuma kuliko matusi. Akaitupa.

Nati ikakazwa mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, ikalegezwa kidogo mpaka likazunguka lenyewe, pini ikapita, miguu yake ikakunjwa. Mzee akashuka upande wa pili. Radi ya Rungwe ikateremshwa chini, Asukile akapanda, akaondoka kuelekea barabara kuu. Uani walibaki wakisikiliza. Walingoja ile gudu-gudu, wakatega masikio, na hawakusikia ila jogoo. Gari lilirudi na kuingia getini kabla mtu hajajua, na bata mmoja, aliyezoea kuonywa mapema, nusura agongwe. Watu wa Iyunga wakapiga vigelegele ambavyo hata harusi ya Lea isingevipata, na tangu siku hiyo hesabu ya miaka mahali pale imegawanyika mara mbili: kabla ya pini, na baada ya pini.

Boneti iliinuliwa tena nusu ili injini ipoe. Esta alisimama upande mmoja, amejitanda. Mzee Anania akaja upande wa pili, akavua kofia, akaigonga boneti kwa fimbo, kwa adabu, kama mtu abishaye hodi.

"Nimeishi miaka mingi," akaiambia boneti kwa sauti ya kanisani, "sijapata kusikia boneti ikisema. Leo hii imesema: ya katikati, baba. Nikatii. Boneti yenye akili namna hii ni lazima iheshimiwe."

Upande wa pili shuka ilitikisika. Haikujulikana kwa kilio au kwa kicheko.

"Basi isikie, na imfikishie aliye nyuma yake. Jumamosi kiti cha mbele ni chake, kutoka hapa mpaka mlangoni kwa baba yake. Mimi nitapanda nyuma, juu ya magunia ya viazi, vumbi linile, na mvua ya mawe ikitaka inipige. Na tukifika Iringa, wajomba wakiwa wamekaa wote, nitasimama na kusema kwa mdomo wangu mwenyewe: sikuja kudai ng'ombe, nimekuja kumleta binti yenu, na ninadaiwa mbuzi kwa kumsingizia."